Rolakosta ya Polepole Pia ni Rolakosta

Hii nimeiandika mara tatu nikaifuta mara tatu, kwa hivyo ukiisoma ujue hatimaye nimejikaza.

Wale mmenifuata kitambo mnajua kitu kimoja kunihusu: mimi ni mtu wa kasi. Nikipanda matatu natafuta kiti cha nyuma kabisa. Dere akikutana na tuta asipunguze mwendo, watu wazima wanalalamika, mama mwenye mtoto anamgombeza makanga, na mimi kule nyuma nacheka peke yangu. Na kwa muda mrefu nimekuwa nikipima watu kwa hicho kipimo. Unapenda vitu vikali? Wewe ni msee wangu. Unapenda farasi za kuzunguka na muziki wa watoto? Nilikuwa na jibu moja kwa watu kama wewe: "Endelea kunywa maziwa, utakua."

Nilisema hiyo kitu sana. Hadi ikawa kama jina langu. Leo nataka kueleza kwa nini nimeacha.

Tuanze na aibu. Miaka miwili iliyopita, likizo ya Desemba, bembea za kuhamahama zilikuja kwa uwanja mmoja karibu na kwetu. Kulikuwa na farasi, bembea za minyororo, na rolakosta ndogo. Ndogo kabisa: reli inapanda kidogo, inakata kona, inashuka, inakata kona nyingine, umerudi ulipotoka. Mdogo wangu alikuwa na miaka 13. Aliiangalia ikizunguka mara mbili, akasema, "Mimi napanda bembea."

Nikamwambia bembea ni za watoto wa nasari. Akasema hataki rolakosta. Nikamwambia tena, safari hii kwa sauti, mbele ya marafiki zake wawili, na nikamalizia na ile maneno ya maziwa. Wote wakacheka. Sasa unajua msichana wa miaka 13 akiitwa muoga mbele ya marafiki zake atafanya nini. Alipanda.

Na mimi, mtu wa kasi, nilikuwa wapi? Nilibaki chini na simu, narekodi.

Alishuka uso umekuwa kama majivu. Alitembea hatua chache, akashika waya wa uzio, akatapika. Yote iko kwa video. Jioni hiyo nikaiweka, nikaongeza muziki, na ikawa video yangu iliyotazamwa zaidi mwaka huo. Aliniomba niitoe. Nikamwambia watu wanaipenda. Akaniangalia akasema, "Wanaipenda. Na mimi je?" Sikuitoa. Tangu siku hiyo nikiinua simu nyumbani, yeye anatoka sebuleni. Hapigi kelele, hanuni. Anainuka tu anatoka. Mathe aliniuliza mara moja kuna nini kati yenu, nikasema hakuna.

Sasa turukie mwaka jana. Nilipomaliza chuo, anti yangu, mdogo wa mathe, aliniita nimtembelee Abu Dhabi. Amefanya kazi ya hoteli huko miaka mingi, na tiketi ilikuwa zawadi yake. Akaniuliza nataka kuona nini. Sikufikiria hata sekunde moja: Ferrari World, kwenye kisiwa cha Yas. Nilitaka kupanda Formula Rossa.

Kama huijui, wacha nikupe picha. Ilipofunguliwa mwaka wa 2010 ilikuwa rolakosta yenye kasi kuliko zote duniani. Inafika kilomita 240 kwa saa. Matatu ya Kenya kisheria inafungiwa kwenye kilomita 80, kwa hivyo hesabu: mara tatu. Na haipandi mlima kwanza ndio ishuke kama rolakosta za kawaida. Inafyatuliwa. Unakaa ndani ya jengo, unapewa miwani ya kukinga macho ndio usiingiwe na mchanga au mdudu, halafu ndani ya sekunde 4.9 uko kwenye ile kasi yote, nje, jangwani. Baadaye reli inapanda hadi mita 52, karibu nusu ya urefu wa KICC.

Nilisimama kwa foleni nikijiambia hapa ndipo nyumbani kwangu.

Mwanzo ulikuwa mtamu vibaya. Mgongo unabandikwa kwenye kiti, mashavu yanavutwa nyuma, unacheka bila kujua kama unacheka. Lakini baadaye zikaja sehemu za chini na kona, zile ambazo reli inakukandamiza. Hapo nikagundua kitu ambacho sikutarajia. Sikupenda. Kichwa kikawa kizito, kidevu kikataka kuangukia kifua, mikono ikagoma kuinuka. Nilikuwa nangoja iishe. Mimi! Ile kitu ilipopunguza mwendo nilishukuru kimoyomoyo.

Anti alikuwa ananingoja nje. "Ilikuwaje?"

"Noma sana!" nikasema, na nikageuza simu nikarekodi hiyo "noma sana" mara tatu hadi ikatoka vizuri. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Yule anti si mtu wa maneno mengi. Aliniangalia, akanipa maji, akasema, "Keti kwanza, mwanangu."

Kisha tukaenda Flying Aces. Hii ilifunguliwa mwaka wa 2016, na imetengenezwa kwa heshima ya Francesco Baracca, rubani wa Italia wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ile nembo ya farasi ya Ferrari ilitokana na farasi aliyekuwa amechorwa kwenye ndege yake. Hii inafika kilomita 120 kwa saa, nusu ya ile ya kwanza. Unakaa pembeni mwa reli, miguu inaning'inia, na kuna kitanzi kirefu cha mita 52 ambacho unapanda, na juu kabisa reli inajisokota ndio usigeuzwe kichwa chini. Pale juu mwili wote unakuwa mwepesi. Unaelea. Mapaja yanaachana na kiti, tumbo linabaki nyuma, na kwa muda mfupi hakuna kitu kinachokugusa isipokuwa kile chuma kinachokushika.

Manze, hapo ndipo nililia kwa furaha. Nusu ya kasi, mara kumi ya raha. Nilishuka nikarudi kwa foleni, na safari hiyo hata sikukumbuka simu.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma. Kumbe watu wanaopenda rolakosta kwa dhati hawaongei kuhusu "kali" na "pole" kama mimi. Wanauliza: nguvu gani, kutoka upande gani, kwa muda gani?

Iko hivi. Ukisimama hapo ulipo, mwili wako unahisi uzito wake wa kawaida. Hiyo inaitwa G 1. Reli ikiwa chini ya bonde na inaanza kupanda, inakusukuma juu na unahisi mzito. Formula Rossa inatajwa kufika G 4.8. Kama una kilo 60, kwa hiyo nukta mwili wako unajisikia kama kilo 288, yaani karibu mifuko sita ya simiti. Damu pia inakuwa nzito. Moyo unajitahidi kuipandisha kichwani, na ikichelewa, macho ndiyo ya kwanza kulalamika: rangi zinafifia, kando kunaingia giza. Ndio maana sehemu kama hizo hutengenezwa ziwe fupi sana.

Reli ikipita juu ya kilima kwa kasi, inakuwa kinyume. Mwili unataka kuendelea kwenda juu na kiti kinashuka. Hapo kuna aina mbili. Kuna kuelea, ukiwa karibu na G 0, polepole kama karatasi kwenye upepo. Na kuna kurushwa, chini ya G 0, ambapo ni mkanda tu unaokuzuia usiende zako. Kuna watu wanasafiri nchi na nchi kutafuta kuelea pekee, na wengine hawataki kitu isipokuwa kurushwa. Hakuna anayemwita mwenzake mtoto.

Halafu kuna nguvu ya kusukumwa mgongo, kama ndege ikipaa. Hiyo mwili unaivumilia vizuri zaidi, kwa sababu damu haikimbii kutoka kichwani kwenda miguuni. Ndio maana mimi nilipenda kufyatuliwa na nikachukia kukandamizwa, na yote ni rolakosta moja. Na mwisho kuna ya ubavuni: kona bila mteremko wa pembeni, inayokugonga upande mmoja kisha mwingine, shingo inayumba.

Sasa fikiria ile matatu yangu. Kiti cha nyuma kiko nyuma ya magurudumu, kwa hivyo tuta likipigwa, nyuma ndiko kunarushwa zaidi. Miaka yote nikidhani napenda kasi, kumbe napenda ile nukta moja ya kuelea juu ya tuta. Kwa rolakosta ni vivyo hivyo. Mabehewa ya nyuma yanafika kilele wakati ya mbele tayari yanashuka, kwa hivyo yanavutwa kwa nguvu kupita kilele na yanakurusha. Ya katikati ndiyo matulivu zaidi. Hata kwa treni moja, wewe na rafiki yako mkikaa behewa tofauti hamjapanda kitu kimoja.

Na hata wanaozitengeneza walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka wa 1895 kule Coney Island, New York, kulikuwa na rolakosta iliyoitwa Flip Flap Railway, yenye kitanzi cha duara kamili. Duara linapendeza kwa macho, lakini treni ikiingia chini na kasi yake yote, inabadilisha mwelekeo ghafla, na shingo za abiria ndizo zilizolipa. Haikudumu. Ilichukua hadi 1976, kule California, ndipo Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel wakajenga Revolution, na kitanzi chake kikawa na umbo la tone la maji: kipana chini ambako kasi ni kubwa, chembamba juu ambako kasi imepungua. Nguvu ikagawanywa vizuri na watu wakashuka wanacheka. Yaani vitanzi unavyoviona leo vimewezekana kwa sababu mtu alikaa chini akaiondoa ile nguvu isiyo na raha. Hawakusema abiria wa 1895 walikuwa waoga.

Hapo ndipo nilifunga simu, nikakaa gizani. Nilikuwa namfikiria mdogo wangu na uzio ule.

Kesho yake nilimuuliza anti kwa nini jana yake hakupanda chochote isipokuwa kigari kile kinachopita polepole katikati ya Italia ndogo ya kutengenezwa, na vijumba vyake na milima yake. Nilikuwa nimemcheka kidogo, nakubali. Alikuwa anakunja nguo za kazi. Akasema, "Mimi siku sita kwa wiki nasukuma kigari cha mashuka kwa miguu. Siku ya saba nataka nikae kwa kigari na kisukumwe na mtu mwingine." Akacheka mwenyewe. Halafu akaongeza, bila kuniangalia, "Na wewe ukiogopa kitu, sema umeogopa. Mimi nilikuona."

Sikujibu. Ningejibu nini?

Nataka muelewe kilichonichoma. Mimi nilishuka nimeogopa, nikiwa na miaka 22, na mtu akanipa maji akaniambia keti. Mdogo wangu alishuka ameogopa, akiwa na miaka 13, na mtu akamwelekezea simu.

Niliitoa ile video nikiwa bado Abu Dhabi. Sikutangaza, kwa sababu ningetangaza ingekuwa video nyingine tena. Niliporudi nyumbani nilimwambia, jikoni, akiosha vyombo. Nilisema nilikosea kumlazimisha, nikakosea kumrekodi, na nikakosea zaidi kukataa alipoomba. Aliendelea kuosha. Akasema, "Nilijua umeitoa. Huwa naangalia."

Hebu fikiria hiyo. Miaka miwili mtoto anaingia kwa ukurasa wangu kuangalia kama bado anatapika mbele ya watu.

Baadaye, siku nyingine, tukaongea vizuri. Nilimuuliza ni nini hasa kilimsumbua siku ile. Nilidhani atasema urefu. Akasema hapana, urefu anaupenda. Ni zile kona. "Zilikuwa zinanigonga kando, halafu upande ule mwingine kabla sijakaa sawa. Tumbo likakataa." Basi nikacheka, kwa sababu alikuwa ameeleza nguvu ya ubavuni kuliko kitu chochote nilichosoma. Reli ile ndogo ilikuwa na kona tambarare. Haikuwa na kasi, lakini ilikuwa na ile nguvu moja ambayo mwili wake hauwezi.

Na kwa nini alitaka bembea za minyororo? Sasa najua pia. Bembea ikizunguka, kiti kinajiinamisha chenyewe kwenda nje. Kwa hivyo hakuna kinachokusukuma ubavuni. Nguvu yote inapita wima kwenye kiti chako, taratibu, bila kugonga. Minyororo ikiinama katikati ya wima na ulalo, mwili unahisi kama G 1.4, na unaendelea hivyo dakika nzima na zaidi, juu ya vichwa vya watu. Hiyo si kitu ya nasari. Alikuwa amechagua nguvu anayoipenda, tena akiwa na miaka 13, bila kusoma chochote. Mimi ndiye nilikuwa sijui naongea nini.

Kwa hivyo wasee, msimamo wangu mpya ni huu. Hakuna ngazi ambayo chini kuna waoga na juu kuna mashujaa. Kuna mwili wako, na sikio lako la ndani, na shingo yako, na kama umekunywa maji na kulala vizuri siku hiyo, kwa sababu hata hayo yanabadilisha unachoweza kuvumilia. Kuna anayetaka kurushwa na kuna anayetaka kuelea. Kuna anayetaka kushika mfuko wa wenzake na kula mahindi hapo chini akiwaangalia, na huyo pia amekuja kwa raha zake.

Jaribu vitu, sikatai. Mimi nisingejaribu nisingejua. Lakini kujaribu ni wewe mwenyewe ukiamua, si mtu akikusukuma mbele ya marafiki zako. Ukipanda na mtu, muulize anapenda nini. Akisema hapana, hiyo ni sentensi nzima. Na akishuka akitetemeka, mikono yako iwe na maji, si simu.

Desemba iliyopita zile bembea zilirudi kwa uwanja uleule. Tulienda, mimi na yeye. Simu niliiacha nyumbani, na ndio maana hakuna video, msiniulize. Alienda moja kwa moja kwa bembea za minyororo, akalipa yake na akalipa yangu. Mimi kuzunguka sijawahi kukuzoea, kwa hivyo nikamuuliza yule kijana wa tiketi, kwa sauti ya chini, inazunguka kwa dakika ngapi.

Mdogo wangu alinisikia. Akanigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana.

"Endelea kunywa maziwa," akasema, "utakua."